Mama Laurentine Kabange na Ngoma ya Nyota (1932–1989)

Ndugu na jamaa, majirani wa komini yetu ya Kenya, hapa Lubumbashi, wamama wa soko, na ninyi wa komite ya mashabiki wa timu ya Nyota mliokuja na ngoma yenu imefunikwa kitambaa: tunayemzika leo, Jumapili tarehe 13 Agosti 1989, ni Mama Laurentine Kabange wa Ngoie. Familia imeyaandika maisha yake bila kuyapaka mafuta, kwa sababu mwenyewe hakupenda kupakwa mafuta, na wengi wenu mliokaa hapa mmo ndani ya habari hii. Mvumilie.

Marehemu alizaliwa Kabalo, kaskazini mwa Katanga, tarehe 9 Februari 1932. Alikuwa pacha wa pili, ndiyo maana akaitwa Kabange. Pacha mwenzake, Kyungu, alifariki kabla hajajua kukaa. Mama yao alizoea kusema kwamba tangu siku hiyo Laurentine alilia kwa niaba ya wawili, na sisi tuliomsikia uwanjani hatubishi. Baba yake, Pierre Ngoie, alikuwa fundi wa reli. Mwaka wa 1940 alipata kazi huku, mji ukiitwa bado Élisabethville, akaihamisha familia yote, wakakaa Kenya.

Alisoma kwa masista wa parokia hadi darasa la tano. Alipenda kuimba kuliko masomo yote, na kuimba ndiko kulikomletea taabu. Sista mmoja alimtoa kwenye kwaya kwa kuwa sauti yake ilifunika sauti za wenzake, akamshauri awe anaimba moyoni. Laurentine aliitika ndiyo, Sista. Jumapili akaketi benchi ya mwisho kabisa, akaimba kwa sauti yake ileile, na kwaya nzima huko mbele ikamfuata yeye. Wiki iliyofuata alirudishwa mahali pake.

Kazi yake ilikuwa samaki. Alinunua Kasenga, kwenye mto Luapula, akauza soko la Kenya, na lori lilipokwama alilala Kasomeno juu ya mizigo yake kama wafanyabiashara wote wa njia ile. Safari hizo zilimfundisha Kibemba, tena zilimpa rafiki wa kufa na kuzikana, Mama Chomba wa Kitwe, Zambia, muuza samaki wa ng'ambo ya mpaka. Mwaka wa 1972, serikali ilipotaka majina ya mababu, kwenye karatasi akabaki Kabange wa Ngoie tu. Sokoni aliendelea kuwa Mama Laurentine, na mteja aliyemwita citoyenne, yaani mwananchi, kama serikali ilivyoagiza, alipewa samaki mdogo.

Tarehe 4 Agosti 1951 alifunga ndoa parokiani na Baba Faustin Mulongo, mfanyakazi wa shaba. Kuna wanaosema walikutana kanisani. Si kweli. Walikutana kwenye kiwanja cha mpira, Faustin akiipigia ngoma Nyota ya Kenya, na Laurentine, msichana asiyemjua hata jina, akamwambia mbele ya watu kwamba anaharakisha mapigo. Siku ya kupeleka mahari Faustin alichelewa kwa sababu mechi iliongezewa dakika, na wakwe wakamtoza mbuzi wa ziada. Mungu aliwapa watoto saba, watano wako hai. Tangu mwaka wa 1967 Laurentine ndiye aliyeimbisha mashabiki wa Nyota: yeye na wamama waliovaa vikwembe, vitenge vya rangi za timu, walianzisha wimbo, wanaume wakaitika, ngoma ya Faustin ikiwa chini yao. Timu ya nje iliyokuja Lubumbashi iliwajua hao wawili kabla ya kuwajua wachezaji.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mwaka wa 1981 Mama Chomba alimsimulia kwamba kule Kitwe wasichana wanacheza mpira, na binti yake ni mmoja wao. Laurentine alirudi nyumbani na samaki, na pia na hilo neno. Mawazo, kitinda mimba wake, alikuwa tayari anacheza kwa kujificha nyuma ya parokia. Badala ya kumkaripia, mama yake alimtafutia wenzake, wakaunda timu, wakaiita Umoja. Mitaani iliitwa timu ya bitumbula, yaani maandazi, kwa maana, walisema, wasichana hao wanajua kuviringisha unga tu. Laurentine alisikia, akanyamaza. Waliomjua walipaswa kuogopa hapohapo.

Kitwe walikubali kuja. Mechi ikapangwa Jumapili tarehe 18 Julai 1982, na komini ikawapa wasichana wetu jezi za kijani za taifa. Laurentine alikwenda kwenye komite kuomba ngoma, kama inavyoombwa kwa kila mechi na wageni wa nje. Rais wa mashabiki alikuwa Baba Liévin, ambaye yuko hapa mbele yetu na ametupa ruhusa ya kusema. Alimjibu kwamba watu watakuja, bila shaka, watakuja kucheka.

"Hatupigake ngoma juu ya banamuke, Mama," alisema. "Ile haiko match. Ni manège, kintu ya kuchekesha tu."

Laurentine alimtazama mume wake. Faustin, mwenye ngoma, baba wa Mawazo, alikuwa anatazama viatu vyake. Hilo lilimuuma kuliko maneno ya Liévin, na alituambia hivyo mara nyingi, Faustin akiwa amekaa palepale.

Jumapili iliyofuata Nyota ilikuwa na mechi ya kombe. Wamama walifika wote, wamevaa vikwembe vya timu, wakaketi mahali pao, wakafunga midomo. Faustin alipiga ngoma. Kimya. Liévin alisimama mwenyewe kuimbisha. Kumbe muda wote huo alizoea kuitika tu, hakujua wimbo unavyoanza. Alianza na ubeti wa pili, akatafuta wa kwanza katikati, akaupata wa timu nyingine. Upande wa wageni walicheka mpaka wakashikana mabega. Nyota ilifungwa bao moja, na jioni Kenya nzima ilikuwa inasema kwamba goli lile limefungwa na wamama.

Komite ilikuja nyumbani kuomba amani, na kreti ya bia, kama desturi. Laurentine aliwapa viti, akawaachia bia yao wanywe. Sharti lake lilikuwa moja: ngoma ije kwa wasichana, mechi nzima, na mtu asicheke. Liévin alikubali ngoma. Kuhusu kucheka, alisema mdomo wa mtu ni wa mwenyewe.

Siku ikafika. Watu walijaa, vumbi la kiangazi likiwa juu. Ngoma ilikuja, wamama waliimba, na kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Kisha Kitwe wakafunga. Mawazo, aliyekuwa beki, alijaribu kuzuia, akaanguka kifudifudi, na kicheko kikalipuka uwanja mzima. Watu walianza kuwashangilia wageni. Kina baba wazima, waliotuamsha usiku kwa kilio siku timu ya taifa ya wanaume ilipofungwa ugenini, walikuwa wanapiga makofi kwa furaha mbele ya jezi ya kijani iliyolala chini.

Laurentine alikata wimbo. Aliupa uwanja mgongo, akawageukia mashabiki, na sauti ile ya benchi ya mwisho ikafika kila kona.

"Kama Zambia inapiga banaume, munalia siku tatu. Na hii jezi iko ileile. Basi mulie."

Hatutadanganya kwamba watu waliongoka pale pale. Wengine waliondoka. Wengine waliendelea kucheka, kidogo kidogo, mkono mdomoni. Lakini kipindi cha pili Umoja wakasawazisha, na wachache waliruka kabla ya kukumbuka kwamba walikuja kucheka. Kitwe wakaongeza la pili. Halafu mwishoni kabisa Mawazo akaangushwa ndani ya eneo la penalti, na mwamuzi akasema mchezo uendelee. Hapo ngoma ilinyamaza. Faustin alikuwa ameiacha chini, amevuka ukuta, anakimbilia mwamuzi na kumtukana kwa Kiluba, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa cha kazini. Polisi walimtoa. Laurentine alimwona mume wake akibebwa nje miguu ikining'inia, akapiga vigelegele.

Tulifungwa mawili kwa moja. Jioni ile Baba Faustin alikataa bukari, ugali wetu. Alikaa amegeukia ukuta, akihesabu makosa ya mwamuzi peke yake. Laurentine aliifunika sahani yake, akaketi karibu naye, na alifurahi, tunalisema wazi, alifurahi kuliko siku ya harusi. Alisema kwamba kwa mara ya kwanza Lubumbashi kuna mtu aliyelala njaa kwa ajili ya mpira wa wanawake. Tangu hapo hiyo ndiyo ikawa mizani yake. Vikombe hakuvijali sana, na makofi hakuyaamini, maana alisema hata mbuzi akicheza watu watapiga makofi. Aliuliza tu: tulipofungwa, nani aliumia?

Kila mwaka Umoja na Kitwe walitembeleana. Kila mwaka Laurentine alizunguka Kenya nyumba kwa nyumba kuwakokota mashabiki, na kila mwaka walikuwepo waliomwambia wasichana warudi jikoni. Aliwajibu kwamba jikoni amewaachia wao. Liévin alikuwa anakuja "kuangalia tu". Aliangalia tu miaka saba.

Ugonjwa wa sukari ulimshika mwaka wa 1985. Mwaka wa 1987 ulimchukua macho. Alilia siku hiyo, kisha akaagiza apelekwe uwanjani kama kawaida. Aliketi mbele ya ngoma na kuufuata mpira kwa masikio, akisema mashabiki wakiumia kweli huhitaji macho kujua bao limeingia upande gani. Aliimbisha hadi Aprili mwaka huu, alipolazwa.

Jumapili iliyopita, tarehe 6 Agosti, Umoja walicheza Kitwe. Yeye alikuwa hospitalini, hali mbaya, lakini alikataza mtu yeyote kubaki kwa ajili yake, hata Faustin, hata Mawazo, ambaye sasa ndiye anayewafundisha wasichana. Basi la mashabiki liliondoka limejaa. Jumatatu jioni Liévin alipita hospitali na vumbi la safari. Alisimama karibu na kitanda.

"Tulipoteza, Mama," alisema. "Moja kwa sifuri. Mwishomwisho."

Laurentine hakuuliza nani alifunga.

"Na bantu balifanya nini?"

"Mu bisi hakuna muntu alisema kintu mupaka Kasumbalesa," Liévin alijibu, yaani njia yote hadi mpakani. Alilia mbele ya wauguzi, mzee mzima, kofia mkononi. Laurentine alinyoosha mkono, akampapasa usoni mpaka akayagusa machozi.

"Ndjo vile," alisema. "Sasa iko mupira."

Aliaga dunia Ijumaa tarehe 11 Agosti, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Faustin. Aliacha agizo moja, kwamba wimbo wa Nyota aanzishe Baba Liévin makaburini. Ubeti wa kwanza kwanza.

Ameacha mume, Baba Faustin Mulongo, watoto watano, Clément, Constance, Nkandu, Feza na Mawazo, wajukuu, wakwe, Mama Chomba, aliyevuka mpaka jana na yuko kati yetu, wasichana wa Umoja, waliovaa kijani leo, na mashabiki wote wa komini ya Kenya, wale wa zamani na wale aliowashinda.

Mama Laurentine, Mungu akupokee kwenye amani yake, upumzike. Sisi huku tumepoteza. Basi tulie.