Mama Tulia wa Chumba cha MRI

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1966, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi wa kuchomelea vyuma na mshona nguo. Mimi ninayesoma haya ndiye niliyemfuata ziwa.

Alihitimu stashahada ya upigaji picha za hospitali Novemba 1989. Miaka kumi na mitano alipiga eksirei, na mashine ya MRI ilipofika mwaka 2004, alikabidhiwa yeye. Wagonjwa walimwita Mama Tulia, maana neno hilo lilitoka kwenye kipaza sauti kila dakika mbili. Mzee mmoja alitoka mle ndani akasema, "Mke wangu kashindwa miaka arobaini, wewe umenituliza nusu saa!"

Tarehe 20 Juni 1992 aliolewa na fundi umeme wa hospitali hiyo hiyo. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2009 alikuja daktari kijana kujifunza kusoma picha. Dada alimlea kikazi, akamlisha nyumbani kwake, akamwita mwanangu. Alimwambia: "Ukitaka picha kali zaidi, unaugawa mwili vipande vidogo zaidi. Kipande kikiwa kidogo, ishara yake nayo inafifia. Ukitaka uipate vizuri, ongeza muda. Ukiongeza muda, mgonjwa anajikuna pua. Kuna mahali lazima ukubali kwamba huoni."

Mwaka 2019 daktari huyo, sasa mkuu wa idara, alipokea programu ya kunoa picha za haraka: dakika nane badala ya thelathini. Dada aliandika barua kwamba programu haioni, inakisia. Yeye na daktari walikubaliana kuitetea barua hiyo pamoja mbele ya uongozi. Kwenye kikao, daktari akasema barua ile ni ya dada peke yake. Wiki iliyofuata dada alihamishiwa dawati la miadi.

Machi 2022 sikio lake la kushoto lilianza kuvuma. Alipigwa picha ya haraka, daktari akasaini kuwa hakuna tatizo. Dada aliomba irudiwe polepole. "Foleni ndefu, mama," daktari akamjibu. "Picha yako ni safi."

Januari 2023 hospitali nyingine ilimpiga kwa dakika arobaini. Uvimbe ulikuwa umeshaukandamiza ubongo. Shemeji alidai data ghafi za picha ya kwanza, kabla programu haijainoa, na doa lilikuwamo, dogo. Programu ililifuta ikidhani ni chenga, uchafu tu wa picha.

Baada ya upasuaji hakutembea tena. Daktari alikuja wodini. "Mama, ilionekana safi kabisa."

"Nilikufundisha kuogopa picha ya namna hiyo," dada akasema. "Uliponiruka kwenye kikao nilijiambia ni mambo ya kazi. Na hili nijiambie ni nini?"

Dada alifariki tarehe 17 Aprili 2023, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, kaka yetu mkubwa na sisi wadogo zake watatu. Daktari aliomba aandikwe humu kama mtoto wake wa kazi. Tulimuuliza shemeji. Akasema, "Mwandikeni panapomhusu."

Tumemwandika hapo juu.

Lala salama, dada. Umechoka vya kutosha.