Pete za Miaka Arobaini

Ndani ya basi, fundi saa alijifanya amesinzia, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Huko mtafiti wa maabara alikuwa akimweleza abiria mwenzake, mama aliyeharibikiwa na mimba mbili.

"Dada, kromosomu za mayai yako, zile nyuzi zinazobeba urithi, zimeshikwa pamoja na pete za protini. Pete hizo zilivishwa ukiwa bado tumboni mwa mama yako, na hazibadilishwi. Umri huu zinalegea, mgawanyo wa kromosomu unakwenda kombo, na mimba inaharibika."

"Zimeshika miaka arobaini na moja bila fundi?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi usiziite mbovu, mdogo wangu. Ndoa yangu ya kwanza haikufika hata miwili."

Fundi saa akameza kicheko. Basi likasimama mbele ya kliniki ya uzazi. Mtafiti alikuwa bado anataja hatari, mama akainuka.

"Wewe endelea kuzipima. Mimi nakwenda kuzitumia."