Osanai Teruyoshi na Mpira Uliomponyoka

Wasikilizaji wapendwa, mimi ni Fukushi Yasue, na leo nina habari ngumu kuisema. Mnivumilie. Osanai Teruyoshi hatunaye tena. Amefariki Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, hospitalini hapa Kuroishi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Narudia kwa mliofungua redio sasa hivi. Osanai Teruyoshi, mrushaji wa besiboli, mtoto wa shamba la matufaha la akina Osanai, mtu wa kwanza wa mji huu kurusha mpira katika ligi kuu ya Marekani, amefariki Jumanne.

Miaka sita iliyopita Teru, kama tulivyozoea kumwita, alikuja kwenye studio hii. Alikaa kwenye kiti hiki kilicho mbele yangu, akavua kofia, akazungumza kwa saa mbili. Alipomaliza aliniambia, "Yasue, haya uyatangaze nikishakufa. Nikiwa hai sitaweza kupita mtaani." Nikamwahidi. Kanda ile nimeiweka kabatini miaka sita, na nakiri mbele yenu kwamba nilikuwa naiogopa.

Basi tuanze.

Teru alikuwa mwoga. Msinitumie barua za hasira, maana hayo ni maneno ya dada yake, Toyomi, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Jana Dada Toyomi aliniambia, "Teru aliogopa ngurumo. Aliogopa nyigu. Aliogopa theluji ikiporomoka kutoka paani. Kitu kimoja tu hakuogopa, nacho ni mpira. Ukimpa mpira, anakuwa mtu mwingine."

Kwa mpira huo alitoka hapa akaenda kwenye ligi yetu ya kulipwa ya Japani. Akakaa miaka tisa. Akashinda michezo themanini na saba. Na alipofika miaka thelathini, timu moja ya Marekani ikamwita.

Mnaikumbuka baridi ile? Mji mzima uligeuka kuwa wataalamu. Kwenye duka la kinyozi wetu, mzee Kasai, hakukuwa na mazungumzo mengine. Magazeti ya Tokyo yalisema Teru atashinda michezo kumi na mitano mwaka wa kwanza. Wengine walisema kule wanarusha kila siku ya tano, si mara moja kwa wiki kama huku, kwa hiyo mkono wake utakufa kabla ya Julai. Mzee Kasai mwenyewe, akiwa na wembe mkononi, alimwambia Teru usoni: "Wewe kijana, wale watu wana mikono kama mapaja yako. Utarudi kabla matufaha hayajaiva. Geuza shingo."

Teru akacheka. Lakini alipofika nyumbani alimuuliza dada yake, "Nisiende?"

Dada Toyomi akamjibu, "Nenda bwana. Ukibaki utanichosha na maswali."

Neno hilo, wasikilizaji, limemkaa Dada Toyomi kifuani zaidi ya miaka ishirini.

Teru akaenda. Mazoezi ya kabla ya msimu yalikuwa Arizona, jangwani, mahali pasipo na unyevu hata wa kulowesha ulimi. Na hapo ndipo mpira ulipoanza kumtisha.

Mpira wa kule ni mkubwa kidogo kuliko wetu. Kidogo tu. Lakini ngozi yake inateleza. Wa kwetu unashika vidole. Wa kule, alisema Teru, "nilihisi nimeshika sabuni iliyokauka." Watu walikuwa wamebishana juu ya mikono ya Wamarekani na siku za kupumzika. Hakuna aliyebishana juu ya ngozi ya mpira.

Wiki ya tatu, Jumatano, akiwa anafanya mazoezi, mpira ulimponyoka ukapita juu ya kichwa cha mpigaji. Watu wakacheka. Baada ya dakika kumi ukamponyoka tena. Safari hii hawakucheka.

Mkalimani wake alikuwa kijana wa Nagano aitwaye Hirukawa, mtu mpole sana. Hirukawa akamnong'oneza, "Kaka, niwaambie kwamba mpira unakuteleza?"

Teru akasema, "Usiwaambie. Watasema Mjapani hawezi."

Nisikilizeni vizuri hapa. Teru alijua. Siku ya Jumatano alijua kwamba mpira unamteleza, akanyamaza. Ijumaa akapanda kwenye kichuguu, kile kilima kidogo anaposimama mrushaji, mbele ya watu elfu nne, jua la saa saba likiwaka.

Mpigaji wa pili siku hiyo alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Aliitwa Leland Cass. Alikuwa anapigania nafasi yake ya kwanza, kama Teru. Teru akavuta mkono, akarusha kwa nguvu zake zote. Na kabla mpira haujaacha vidole, alijua umeshapotea.

Ulimpiga Leland chini ya jicho la kushoto.

Teru alisema sauti ile ilikuwa kama tawi la mtufaha linapovunjika kwa uzito wa theluji. Sisi tunaijua sauti hiyo. Leland alianguka na mguu mmoja ukabaki umejikunja vibaya. Hakusogea. Damu ilitoka puani na masikioni. Wakaingia watu na machela, na Teru alisimama palepale, mkono bado umenyooka mbele, kama mtu anayejaribu kuurudisha mpira. Kisha akapiga magoti akatapika.

Kesho yake alikwenda hospitali. Mlangoni alisimama baba yake Leland. Teru akainama, akainama sana, hakuinuka. Mzee yule akasema maneno machache kwa sauti ya chini.

Teru akamuuliza Hirukawa, "Amesemaje?"

"Anasema asante kwa kuja, kaka."

Teru akainua macho akauona uso wa yule mzee. Akamshika Hirukawa mkono. "Usinidanganye. Amesemaje?"

Hirukawa akaanza kulia. "Amesema uondoke. Amesema akikuona tena hapa atakuua."

"Basi kuanzia leo niambie hivyo hivyo," Teru akasema. "Na yangu uyapeleke hivyo hivyo."

Leland hakufa. Lakini jicho la kushoto halikupona, na hakucheza besiboli tena maisha yake yote.

Siku tisa Teru hakushika mpira. Alikaa chumbani, pazia limefungwa mchana kutwa. Kila akifumba macho, aliiona kofia ngumu ya Leland ikiruka. Mwishowe akampigia simu dada yake.

Dada Toyomi alikuwa shambani, anapogoa matawi, amesimama juu ya theluji iliyobaki. Mumewe akamletea simu. Anasema, "Nilisikia pumzi tu. Nikadhani ni mtu mchafu anapiga. Nikataka kutukana. Ndipo akasema: Dada, naogopa mpira."

"Nilikaa chini kwenye theluji," Dada Toyomi aliniambia. "Maana kama Teru anaogopa mpira, amebakiwa na nini?"

Akamwambia, "Rudi nyumbani. Acha wanaosema waseme. Rudi, matawi ni mengi na mgongo wangu unauma."

Teru akasema atarudi. Akafunga begi. Lakini asubuhi yake, akielekea kuaga, alipita ofisini kwa kocha mkuu. Nanukuu kanda: "Niliogopa kuliko nilivyoogopa kitu chochote. Nilitamani sakafu inimeze. Lakini niliona nikiondoka bila kusema, nitaishi na jambo hili peke yangu mpaka nife."

Akamwambia Hirukawa, "Mwambie mpira ulianza kuniteleza siku mbili kabla. Mwambie nilijua. Mwambie nilinyamaza."

Hirukawa alipeleka maneno yote, moja baada ya jingine.

Kocha alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja: "Bado unataka kurusha?"

Teru akasema, "Sijui."

Kocha hakumfukuza. Wala hakumsamehe, maana halikuwa lake kusamehe. Alimpelekea Leland barua akimweleza ukweli wote, kisha akampeleka Teru kwa mwalimu mmoja mzee wa warushaji. Mzee yule akamfundisha upya kama mtoto: namna ya kuusugua mpira kwa tope, namna ya kulowesha vidole, namna ya kuukamata karibu zaidi na kiganja. Mwezi mzima alirusha bila mtu mbele yake. Kila mpira ulioteleza, aliinua mkono akasema, "Umeteleza." Hilo ndilo lilikuwa sharti.

Ilipofika siku ya kuweka mtu, nani akubali kusimama? Akajitokeza mdakaji wa timu, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mpira, kibonge mmoja wa Jamhuri ya Dominika aitwaye Evaristo. Akachukua gongo la kupigia akasimama.

Teru akatikisa kichwa. "Toka hapo! Sirushi!"

Evaristo akasema, "Rusha wewe! Mimi nimepigwa zaidi ya punda wa mjomba wangu, na bado mke wangu ananiona mzuri."

Teru alirusha mipira kumi na mmoja siku ile. Baada ya ule wa kumi na mmoja aliketi kwenye nyasi.

Mwezi wa Mei akapewa mchezo wake wa kwanza wa ligi. Huku kwetu ilikuwa asubuhi. Kwa mzee Kasai watu walijaa mbele ya televisheni mpaka nje. Nami nilikuwemo, nimebanwa kati ya kioo na ndoo. Teru akawarushia wapigaji watatu wa kwanza mbali nao, mbali kabisa, wote wakapewa kituo cha kwanza bure, bila kupiga. Mtu mmoja akasema, "Mkono umekufa huo." Mzee Kasai akamjibu kwa ukali, "Nyamaza. Huoni mtu amekufa kwa hofu?"

Tulimwona Evaristo akienda kwenye kichuguu. Tulimwona Hirukawa akikimbia nyuma yake. Hatukujua wanasema nini. Sasa tunajua.

Teru alisema, "Mwambie naogopa. Namwona yule kijana kwa kila anayesimama pale."

Hirukawa akasema hivyo hivyo.

Evaristo akavua kinyago chake cha kukinga uso. "Na mimi naogopa," akasema. "Unadhani nimejifunga madude haya yote kwa urembo? Kila mpira unaokuja, nafumba jicho moja. Haya, rusha. Tuogope pamoja, kuna watu wanataka kwenda nyumbani."

Akarusha. Walifungwa sita kwa mbili. Hakumgonga mtu.

Mwaka wa kwanza wataalamu walisema angeshinda kumi na mitano. Alishinda minne. Alikaa miaka mitatu Marekani. Akashinda michezo ishirini na mmoja, akapoteza ishirini na tisa. Na akaniambia kwamba katika michezo ile yote, hakuna hata mmoja aliouanza bila kuogopa.

Kila mwisho wa msimu alikwenda nyumbani kwa akina Cass. Mara mbili hawakumfungulia. Mara ya tatu Leland alitoka mwenyewe, akakaa barazani, akamwonyesha Teru kiti. Walikaa. Leland akauliza, "Ni kweli ulijua?"

"Nilijua."

Leland alimtazama kwa lile jicho moja. Kisha akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Hawakuonana tena. Nilimuuliza Teru kama alitegemea zaidi ya hapo. Akasema, "Hapana. Alinipa kiti."

Teru akarudi Kuroishi. Akamwoa Michiyo, muuguzi, aliyekuja kumchoma sindano ya bega akamkuta ametoka jasho kabla ya kuiona. Akawa analima. Na kila baridi walikuja vijana wa ligi yetu wanaotaka kwenda Marekani. Baadhi yao mnawajua majina. Wote waliuliza swali moja: "Mwalimu, mimi nitaweza kule?"

Hakuwahi kumtajia mtu idadi ya ushindi. Aliwapa mpira wa Kimarekani wakaurusha kwenye ghala la shamba, kwenye baridi kavu. Halafu akasimama mwenyewe mbele yao na gongo. Michiyo anasema alikuwa anatetemeka mpaka gongo linaonekana likitikisika. Na mpira ukimponyoka kijana na kijana akanyamaza, Teru alimwambia, "Wewe bado. Rudi mwakani." Si kwa sababu mpira umeponyoka. Kwa sababu alinyamaza.

Mwezi wa kumi na mbili waliona uvimbe kwenye kongosho lake. Ulikuwa umeshasambaa.

Jumatatu mchana, siku moja kabla hajafa, Dada Toyomi alikuwa naye. Theluji ilikuwa inaanguka nje. Teru akasema, "Dada, safari hii naogopa sana." Dada Toyomi anasema alitaka kumwambia asiogope, jipe moyo, wewe ni mwanamume. Maneno yalifika mdomoni. Akayameza. Akapanda kitandani na koti lake la shambani, pamoja na matope yake, akalala ubavuni mwake kama walivyolala utotoni. Akamwambia, "Nami naogopa, Teru. Sogea kidogo, umechukua nafasi yote." Teru akasogea.

Kwa Michiyo, kwa Dada Toyomi, kwa akina Osanai wote: poleni sana. Mji huu umefiwa pamoja nanyi. Na kwa familia ya Cass, popote mlipo, sina la kuwaambia ila kwamba jina la Leland limetajwa leo kwa heshima, na kwamba Teru aliomba litajwe kabla ya ushindi wake wowote. Sikulitaja mwanzo. Nilimwogopea Teru. Hilo ni kosa langu, naliungama hapa.

Wasikilizaji wapendwa, najua wengine mmeumia kusikia haya. Mlitaka shujaa. Mimi naomba kila mmoja ajiulize jambo moja tu leo: kuna kitu gani kinamteleza mkononi, na bado hajamwambia mtu?

Mazishi ni kesho saa saba mchana. Njia ya juu imezibwa na theluji, piteni nyuma ya ghala la matufaha, mje kwa miguu. Dada Toyomi amesema asiyejua aseme nini asione haya. Aje tu, asimame karibu na mtu.