Mama Josée na Ngozi ya Pili ya Samaki

Miaka ishirini na saba ya kazi katika ghala letu la samaki wa barafu inafungwa tarehe 30 Juni 2025, siku Mama Josée Kapinga anapostaafu. Mimi Lucien, mshika funguo, nimepewa kazi ya kuandika habari zake. Nimekubali shingo upande, maana kuandika ni kukiri kwamba kweli anaondoka.

Alianza kwa kuosha sakafu, akapanda hadi kuwa msimamizi wa ubora. Adui yake alikuwa umeme. Ukikatika, tomsoni, samaki wetu mkuu wa barafu, aliyetoka bahari ya Namibia hadi Kolwezi akiwa mgumu kama jiwe alianza kulainika, na siku ya tatu tulikuwa tunamzika nyuma ya ghala. Mama Josée alichoka na mazishi hayo. Baada ya semina ya siku mbili ya kuhifadhi vyakula, alijifungia jikoni na wanga wa muhogo, tangawizi na ndimu. Akapika uji mwepesi, akaupoza, akamtumbukiza samaki, kisha akamning'iniza mpaka uji ukauke. Ukawa ngozi nyembamba inayoliwa pamoja na samaki mwenyewe. Tomsoni wa siku tatu akaanza kufikisha sita.

Sokoni Kasulo, hata hivyo, tulichekwa. Pale mnunuzi humwamini samaki anayefuatwa na nzi. Asiyefuatwa, wanasema amepakwa dawa ya kuhifadhia maiti. Na tangawizi yetu ilifukuza nzi wote. "Hata banzi banamukataa, mi nitamukula namna gani?" aliuliza mchimbaji mmoja, na soko zima likaangua kicheko. Mama Josée akajaza kikombe uji uleule, akaunywa wote, akaomba cha pili. Kufika jioni meza ilikuwa tupu.

Shida ni kwamba hakuwahi kuandika vipimo. Huchovya kidole, hutazama uji unavyodondoka, basi. Mwezi huu tumejaribu wenyewe mara nne; uji wetu unapasuka na kubanduka, na samaki ananuka vilevile. Valérie, anayerithi nafasi yake, amelia mara mbili, nami nimelia naye.

Mama, asante. Hujaondoka, na tayari tuna hamu nawe. Unahamia Sandoa kwa binti yako, na huko tutakutumia tomsoni tuliowapaka uji kwa mikono yetu. Wakifika wazima, kula, ushibe, upumzike miaka mingi kwa amani. Wakifika wananuka, rudi. Nasi, Mungu atusamehe, hatujui tuombe lipi.