Duara Tupu la Korongoni

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kitinda mimba wa mchimba visima. Ukimwita kwa jina lake hageuki. Ukisema "Bwana Duara" anaitika kabla hujamaliza.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965 na chuo cha upimaji mwaka 1972. Hesabu zilimpenda, mpira ulimkataa kabisa.

Mwaka huohuo aliajiriwa ofisi ya ramani, chumba cha juu, kwenye meza ya kioo yenye taa chini yake. Alinakili ramani kuukuu za jangwa: makorongo, na maji yaliyomo. Maji ambayo mtu anayemjua ameyanywa, alijaza duara kwa buluu. Maji ya kusikia tu, aliacha duara tupu.

Tarehe 2 Juni 1979 alimwoa dada wa huyu shemeji anayewaandikia haya, mrembo kama kaka yake. Siku ya posa aliwachorea wenzake njia ya kufika ukweni, na bomba la uani akaliwekea duara tupu.

"Yaani hata bomba letu huliamini?" shemeji akamuuliza.

"Sijayanywa maji yake, shemeji."

Akaletewa kikombe. Akanywa, akatoa kalamu palepale. Wakwe walicheka hadi wakasahau maswali yao magumu.

Mwaka 2011 ramani yake ya mwisho ilichapishwa. Mpiga chapa alidhani mzee amesahau rangi, akamsaidia: akajaza maduara yote. Ramani zikasambaa. Aliandika barua, akapiga simu, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Tangu hapo aliishi roho juu. Duara moja, ndani kabisa ya korongo refu, lilimnyima usingizi. Akisikia gari la jangwani limechelewa, chakula hakipiti.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2024. Wodini alimwambia binti yake, dereva wa lori, "Nitakufa sijajua kama lile korongo lina maji, mwanangu."

"Hufi hujajua, baba. Naenda mwenyewe."

Akapakia mapipa ya maji, akaondoka. Baba alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei, macho mlangoni.

Mnaouliza mbona binti hayupo: jana alipata mtandao juu ya jabali, akapiga. Korongo ni kavu, mchanga mtupu. Alipoambiwa msiba alilia, kisha akasema, "Mjomba, mzikeni. Kwenye kituo cha mafuta nilichopita niliambiwa kuna magari mawili yanakuja huku na ramani ya baba. Nikiondoka watakuta mchanga. Nabaki na mapipa." Simu ikakatika. Hadi haya yanaandikwa, hajapiga tena.

Ameacha mjane, wajukuu wawili, shemeji mmoja mtanashati, na binti aliyeko korongoni.

Alale salama. Zamu ya kukesha sasa ni yetu.