Madam Jepleting Afungua Kifurushi Chake

Ifikapo tarehe 31 mwezi huu, Madam Jepleting Kigen atakuwa ameutumikia muungano wetu wa wafugaji, hapa Nakuru, kwa miaka ishirini na sita. Siku hiyo anastaafu, nasi wa kitengo cha kompyuta tunajikaza tu.

Ndiye aliyetengeneza programu ya kurekodi maziwa katika vituo vyetu vyote. Mwanzoni ilikuwa na faili nyingi ndani ya folda moja. Kisha ndugu yetu Kabiru, karani wa kituo cha Subukia, akakosa nafasi ya kuweka nyimbo za kwaya kwenye kompyuta ya kituo. Akaacha faili yenye picha ya ng'ombe, ile aliyozoea kuibofya, akafuta zile nyingine akidhani ni takataka. Kesho yake programu ikakataa kufunguka, na foleni ya wafugaji ikafika barabarani. Kabiru alisamehewa, ingawa utani haujaisha.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo Madam alifunga kila kitu ndani ya faili moja: ukiwa nayo, unayo yote. Ilikuwa nzito, karani angeweza kumaliza chai kabla haijafunguka, lakini hakuna kipande kilichopotea tena. Shida ni kwamba kurekebisha jambo dogo kulihitaji kifurushi kizima kifungwe upya, na kazi hiyo aliiweza yeye peke yake. Mwaka jana alipolazwa hospitalini, bei ya maziwa ilibadilika, na vituo vikaandika kwa mkono hadi aliporudi. Wakurugenzi wakaanza kuulizia programu ya kununua. Kazi ya maisha yake ingetupwa.

Mimi iliniuma. Yeye hakununa. Aliifungua kazi yake mwenyewe: mizani ikapata faili yake, bei faili yake, na risiti faili yake. Akawafundisha wenzetu wa kitengo, Chepkemei na Owino, kila sehemu, na faili zote akazihifadhi mahali ambapo mkono wa Kabiru haufiki.

Wiki iliyopita, kule Subukia, risiti zilikataa kutoka. Owino alirekebisha sehemu hiyo tu, akaituma, foleni ikasonga. Madam alipata habari wakati wa chakula cha mchana, mambo yakiwa yameisha. Akasema, "Kumbe mmemaliza bila mimi? Basi sasa naweza kwenda." Alilia kidogo, nasi tukalia naye. Wakurugenzi wameamua programu ibaki.

Asante, Madam. Nenda salama nyumbani Njoro, ukanywe maziwa ambayo hakuna anayeyapima. Na tukikupigia simu, usiulize ni kituo gani kimekwama. Tutakuwa tumekukumbuka tu.