Daktari Mwenye Maabara

Benchi la kijiweni limeegemea ukuta wa karakana ya Fundi Friji, na mguu wake mmoja umevunjika ukawekewa kompresa mbovu ya friji, kwa hiyo mwenye mwili wake huambiwa akae katikati. Kazi zikipungua alasiri, watu watatu hukutana hapo: Fundi mwenyewe, Breki, dereva wa lori mstaafu, anayeitwa hivyo kwa sababu akianza kusema hana breki, na Mheshimiwa, aliyekuwa karani wa mahakama miaka ishirini na sita, akatoka bila cheo lakini na lugha yote ya mahakimu. Bi Mkubwa wa kahawa huketi pembeni kwenye kigoda chake na kuingilia mazungumzo anapotaka. Kwa kawaida hubishana mpira. Siku hiyo Fundi alikuja na lake, na kahawa ikapoa vikombeni.

Asubuhi aliitwa kutengeneza friji ya maabara fulani. Aliijua vizuri, maana ndipo mkewe alipopelekwa kupimwa damu kila walipojiandaa kupandikiza mimba, na mara zote tatu mimba haikushika. Alipomaliza aliomba mwenye mali asaini karatasi ya kazi. Mlango wa ndani ukafunguliwa, akatoka daktari wao wa uzazi, akasaini, akamuulizia na hali ya mkewe.

– Maabara ni yake, Fundi alisema. Na tulipomletea majibu ya kwingine hakuyasoma hata. Alisema hayaaminiki, nendeni pale pale.

Breki alikuna kidevu.

– Lakini ndugu yangu, nawe ukinituma duka la vipuri, mwenye duka si anakupa ya soda kwa kumletea mteja?

Fundi alihisi uso unawaka. Angeweza kukana, ila hao walimjua mno.

– Ananipa. Na sijawahi kumwambia mteja hata mmoja. Ndiyo maana nilipomwona nilimwelewa papo hapo.

Mheshimiwa alikohoa kama kikao kimeanza. Akaeleza kwamba jambo hilo linaitwa mgongano wa maslahi, na kwamba kumiliki maabara peke yake si kosa.

– Kosa ni kumpeleka mgonjwa huko ukamficha kwamba ni yako. Umemnyima nafasi ya kuchagua. Kwa hilo baraza la madaktari linaweza kumwita ajieleze, hata kumsimamisha. Ukitaka fidia mahakamani, hapo utabanwa uonyeshe umeumizwaje.

Akatoa daftari, akaanza kuandika malalamiko kwa maneno marefu. Breki naye akaachia usukani. Kwanza alitaka sheria ya kila daktari kutundika mlangoni orodha ya biashara zake. Kisha orodha ikaongezwa biashara za mkewe, za shemeji zake na za rafiki zake wa shule. Mwishoni akaamua daktari wa uzazi asilipwe chochote hadi mtoto aje mwenyewe kwa miguu yake amtajie jina lake.

– Na akiwa mtoto wa kununa, asiyejibu watu? Bi Mkubwa aliuliza. Daktari si atakufa njaa?

Wakacheka, na Fundi akacheka nao, mara ya kwanza tangu asubuhi. Lakini kicheko hakikumkaa. Keshokutwa walikuwa warudi kwa daktari yule. Kwenye mtungi wa baridi kali pale kliniki kwake kulikuwa na viinitete viwili vya kupandikizwa vilivyobaki, na nyumbani kwao havikuitwa viinitete, viliitwa wale wawili. Kila walipokwenda Fundi alimuuliza nesi umeme ukikatika itakuwaje, na kila mara nesi alimjibu kwa upole kwamba mtungi ule hautumii umeme. Alijua, lakini hakuacha kuuliza. Baada ya hao wawili, mkewe hakuwa na mwili wa kuanza upya.

Na mkewe alikuwa bado hajaambiwa. Fundi alitaka kwanza malalamiko yakamilike, amkabidhi habari pamoja na namna ya kuitengeneza, kama alivyozoea kazini kwake.

Mkewe akatokea kabla ukurasa haujaisha. Alikuwa fundi cherehani mtaa wa pili, na futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni. Hakuwahi kukaa benchi lile. Alimtazama mumewe, akatazama daftari, akauliza kuna nini. Fundi alisimama akamwambia yote, bila kupunguza, pamoja na ile ya soda. Breki alisogea. Mke akakaa katikati.

– Pole, mwanangu, alisema Bi Mkubwa, akammiminia kahawa ya moto.

Mke alikizungusha kikombe mkononi bila kunywa.

– Daktari aliponiambia bado nina nafasi, ilikuwa kweli?

Fundi alitamani kusema ndiyo, kwa jinsi alivyompenda, na kwa jinsi hiyo hiyo akashindwa kumwambia asichokijua.

– Sijui, mke wangu.

Mke akashika kidole cha mumewe, chenye grisi vile vile.

– Basi keshokutwa hatuendi. Tutafute daktari mwingine asiyekuwa na chochote cha kutuuzia, atusomee majibu yote toka mwanzo. Wale wawili watasubiri. Na daktari yule aitwe barazani.

Mheshimiwa alichana ukurasa alioujaza, akafungua mwingine. Akaandika swali la mke kama lilivyoulizwa, neno kwa neno, akaligeuza daftari ili mwenyewe alisome.

– Shemeji, chini yake niongeze nini?

Mke alilisoma mara mbili.

– Usiongeze kitu. Ajibu hilo.